Zulia Linalofumwa Mara Mbili

Zulia la shenili, yaani zulia la mikanda yenye manyoya ya sufu pande mbili, hufumwa mara mbili. Mara ya kwanza hufumwa kitambaa ili kikatwekatwe, na mara ya pili ndipo linapopatikana zulia lenyewe. Anayelikanyaga hana habari na hilo. Anachoona ni maua ya waridi, majani yaliyojikunja, pindo la rangi ya krimu, na chini ya soli ulaini unaomeza kishindo cha hatua.

Ninaishi Glasgow, mji ambako kazi hii ilizaliwa. Nikiingia katika jumba la kale la mabwana wa Uingereza au Scotland, yale ya shambani yenye bustani ekari kwa ekari na vyumba ambavyo sasa ni vya watalii, macho yangu hushuka chini kabla ya kupanda juu. Mwongoza wageni huonyesha dari na vinara vya vioo, na picha za mababu ukutani. Humtaja mwenye nyumba, aliyeisanifu na aliyechora picha. Ikifika zamu ya zulia, tunaambiwa kwamba lilifumwa maalumu kwa ajili ya chumba hiki, basi, tunasonga mbele. Lilifumwa na nani, na kwa mikono ya namna gani, hilo halisemwi. Mimi ndilo linaloninyima raha, kwa sababu ndani ya chumba kile hakuna kitu kilichopitia mikono mingi kuliko zulia.

Ili kuelewa kwa nini shenili ilikuja, inabidi turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 18 tajiri aliyetaka zulia kubwa la kipande kimoja alikuwa na njia chache. Angeweza kuagiza la Kituruki au la Kiajemi. Au angekwenda kwa Thomas Whitty, mfumaji wa mji wa Axminster huko Devon, aliyeona zulia kubwa la Kituruki jijini London, lisilo na mshono hata mmoja, akarudi kwake na kujaribu mpaka mwaka 1755 akakamilisha la kwanza, akisaidiwa na binti zake. Kazi yake bado ipo katika jumba la Saltram, karibu na Plymouth. Msanifu majengo Robert Adam alipopamba sebule kubwa ya pale, zulia la Whitty la mwaka 1770 liliitikia nakshi za dari. Hayo yalikuwa mazulia ya mafundo: kila shungi la sufu lilifungwa kwa vidole, moja moja. Gharama yake haikuwa ya mchezo, na muda wake ulikuwa miezi. Kiwanda cha Axminster chenyewe hakikudumu. Kilifungwa mwaka 1835 na mitambo ikapelekwa mji wa Wilton.

Waliokuwa na fedha ya wastani walinunua zulia la Brussels. Hilo lilifumwa kwa mtambo, tena lilikuwa imara, ila lilitoka katika mikanda ya inchi 27, yaani kama sentimita 69, kisha mikanda ikashonwa pamoja hadi ijae chumba. Rangi nazo zilikuwa na mpaka. Mtambo ule hubeba kila rangi kwa uzi wake kwa urefu wote wa zulia; rangi isiyotumika mahali fulani hufichwa ndani ya mwili wa zulia ikingoja zamu yake. Kwa hiyo kila rangi unayoongeza ni sufu inayozikwa bila kuonekana. Wafumaji waliishia kwenye rangi tano au sita. Mwenye jumba anayetaka shada la maua lenye vivuli ishirini vya waridi, bila mshono kutoka ukuta hadi ukuta, alikuwa bado hajapata jibu la bei ya kuvumilika.

Jibu lilitoka kwenye shali. James Templeton, aliyezaliwa Campbeltown mwaka 1802, alikuwa mtengenezaji wa shali za Paisley, mji ulio karibu na Glasgow. Mmoja wa wafumaji, William Quiglay, alijua namna ya kupata uzi wenye manyoya pande zote kwa kufuma kitambaa na kukikata mikanda. Uzi wa aina hiyo uliifanya shali iwe laini. Wawili hao wakaona kwamba manyoya yakiwa mazito na yakishikiliwa na msingi wa nguvu, yanaweza kukanyagwa. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ilitolewa mwaka 1839 kwa majina yao wote wawili. Baadaye Templeton alinunua sehemu ya Quiglay, na tangu hapo kampuni na sifa zikawa na jina moja. Leo hata mtaa unaopita kando ya kiwanda unaitwa Templeton. Ukimtaja Quiglay hapa mjini, wengi watakuuliza ni nani.

Sasa kazi yenyewe. Naomba msomaji tuende taratibu, maana uzuri wote uko hapa.

Mchoraji huanza na karatasi ya miraba midogo, na kila mraba ni shungi moja la sufu. Anapaka rangi mraba kwa mraba mpaka ua linatokea. Kisha karatasi hiyo, iliyomgharimu siku nyingi, inakatwa vipande vyembamba kwa kufuata mistari yake, na kila kipande kinapewa namba. Kuanzia hapo hakuna mtu kiwandani anayeliona ua zima mpaka zulia likaribie kwisha.

Mtambo wa kwanza umetandikwa nyuzi nyembamba za pamba au kitani, na nyuzi hizo za mtande, zinazokwenda kwa urefu, hazikupangwa sawasawa. Zimekaa makundi makundi, na kati ya kundi na kundi kuna pengo. Mfumaji, mara nyingi mwanamke, anawekewa mbele yake kile kipande cha karatasi. Anasoma: kijani mbili, kijani iliyofifia moja, krimu tano, waridi iliyoiva tatu. Kwa kila rangi anashika kisafirishio chake, kijiti kinachobeba uzi, na kupitisha uzi wa sufu, ambao ndio mshindio, uzi unaokatiza mtande. Akikosea mraba mmoja, ua litakuwa na kovu ambalo atakuja kuliona mtu mwingine, katika chumba kingine, wiki kadhaa baadaye. Kitambaa kinachotoka hapo hakina umbo lolote. Ni mistari ya rangi tu, mipana na myembamba, haina mpangilio unaoeleweka kwa macho. Ungepewa ungedhani ni makosa.

Halafu visu vinapita. Vinakata katikati ya yale mapengo, kwa urefu, na kitambaa kinageuka mikanda mingi, kila mmoja una uti wa nyuzi katikati na nywele za sufu pande mbili. Mikanda ya kitambaa kimoja yote inafanana, rangi kwa rangi. Ndiyo maana zulia lililorudia ua lilelile mara nyingi lilikuwa nafuu kuliko zulia la chumba kimoja lenye picha moja isiyorudiwa. Mwenye jumba aliyeagiza la pekee yake alikuwa analipia mchoro na kitambaa ambavyo havitamfaa mwingine. Mikanda inapitishwa kwenye mvuke na juu ya silinda za chuma zenye moto, zilizochongwa vifereji, mpaka nywele za pande zote mbili zinyanyuke juu na mkanda uwe na umbo la V.

Kwetu Pemba jambo hili lisingemshangaza mtu. Mkeka haufumwi mkeka. Inasukwa kwanza ukili, utepe mrefu wa chane za ukindu, na nakshi yote imo humo: chane nyekundu imeingia wapi, nyeusi imetoka wapi. Ukili unazungushwa pindi kubwa na kuwekwa. Ndipo siku ya kushona mikanda inalazwa ubavu kwa ubavu, na fundi anaivuta huku na huku mpaka nakshi ikutane na mwenzake. Bibi zetu walijua kwamba kusuka na kushona ni kazi mbili zenye akili tofauti, na kwamba kosa la kwanza halifichwi na la pili. Niliposomewa namna shenili inavyofumwa sikuhitaji kurudiwa.

Tofauti ni kwamba mkanda wa shenili haushonwi. Unaingia katika mtambo wa pili, na huo ni mkubwa ajabu. Mazulia ya upana wa zaidi ya mita 9 yalitoka humo bila mshono. Hapo mtande ni wa nyuzi nzito, na msingi unafumwa kwa kitani, juti na sufu ya hali ya chini. Mkanda unalazwa juu ya msingi kama mshindio, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha unageuka na kurudi. Wanawake walikaa wamepangana kwenye upana wa mtambo. Kila mstari ukilazwa, walishika vichanio na kuchana manyoya yasimame, huku wakiusogeza mkanda nusu shungi kushoto, nusu shungi kulia, mpaka jani liungane na kikonyo chake katika mstari uliotangulia. Kisha nyuzi nyembamba sana za kushikia hupita juu ya uti wa mkanda na kuzama kati ya manyoya, zisionekane. Mishindio ya msingi inapigwa, mstari mwingine unalazwa, vichanio vinarudi.

Kule kuchana ndiko kunakonigusa kuliko yote. Mtambo ungeweza kupiga, kukata na kuvuta. Ila kuamua kwamba kivuli cha waridi kimekaa mahali pake, hilo lilibaki kwa jicho na mkono wa mwanamke aliyeinama. Hata baadaye karne ya 19, wakati nguvu za mashine zilipoingia katika mtambo wa pili, kazi ya kupanga na kuchana haikuondoka. Kwa upande wa wanunuzi, njia hii iliwafungulia milango. Rangi zikawa nyingi kadiri mchoraji anavyotaka, kwa sababu hakuna sufu inayofichwa. Zulia likaweza kufumwa kwa umbo la chumba chenyewe, lizunguke dirisha lililotokeza nje, liache nafasi ya jiko la moto. Mafundi wa michoro wenye majina, kama Owen Jones, Christopher Dresser na Walter Crane, waliichorea kampuni ya Templeton. Mwaka 1851 mazulia yake yalikuwa katika Maonyesho Makubwa ya London, na katika karne iliyofuata kampuni ilifuma mazulia ya kutawazwa kwa mfalme na malkia katika kanisa la Westminster Abbey, mwaka 1937 na 1953.

Kiwanda cha kwanza kiliungua mwaka 1856, kazi ikahamia jengo lililokuwa la kufumia pamba, karibu na uwanja wa Glasgow Green. Mwaka 1888 kampuni ilianza kujenga pale jengo jipya ambalo watu wa Glasgow bado hulitolea macho. Msanifu William Leiper alifuata mfano wa kasri la watawala wa Venice: matofali ya rangi kadha wa kadha, madirisha yenye ncha, kuta zenye nakshi utafikiri nazo zimefumwa. Inasimuliwa kwamba manispaa ilikuwa ikikataa michoro kila mara kwa kuwa uwanja ule ulizungukwa na nyumba za kiungwana, ndipo kampuni ikaamua kutaka jengo ambalo hakuna atakayelikataa.

Jioni ya tarehe 1 Novemba 1889, ukuta ule mzuri ukiwa bado unajengwa, upepo mkali uliuangusha. Haukuwa umefungwa barabara na jengo lililokuwa nyuma yake. Uliangukia mabanda ya kufumia yaliyokuwa jirani, na wafumaji walikuwa kazini. Wanawake na wasichana 29 walikufa. Ujenzi uliendelea, na jengo likakamilika mwaka 1892.

Napita pale mara kwa mara. Sasa ni makazi na ofisi, na kwa miaka chini kulikuwa na kiwanda cha bia chenye mgahawa. Jua likitoka watu walikuwa wakikaa nje wakila na kucheka. Sina neno na hilo, jengo lenye watu ni bora kuliko gofu. Lakini siwezi kuutazama ukuta ule kwa namna wanavyoutazama wapiga picha. Ulijengwa upendeze machoni pa watu wa nyumba za kiungwana, na ulipoanguka haukumwangukia hata mmoja wao.

Zulia likishafika kwenye jumba, mikono mingine ya wanawake ililipokea. Kabla ya mashine za kufyonza vumbi kuja mwanzoni mwa karne ya 20, mtumishi wa ndani alimwaga majani ya chai yaliyotumika, yakiwa bado na unyevu, akayatawanya juu ya zulia ili vumbi lishikane nayo, kisha akapiga magoti na kuyafagia kwa brashi. Kwa zulia la rangi hafifu alipaswa kuyasuuza kwanza, la sivyo chai ingeacha doa. Alifunga mbao za madirisha familia ilipokuwa haipo, kwa sababu jua ndilo adui wa rangi. Adui huyo alizidi nguvu baada ya mkemia William Perkin kugundua zambarau ya maabara mwaka 1856. Rangi za aina hiyo zilipoenea, nyingi za awali ziling'aa sana na kupauka upesi. Ndiyo sababu zulia la zama hizo linaweza kuwa na majani mabichi kabisa na maua yaliyokuwa zambarau yakabaki ya kijivu.

Ukitaka kuona namna mazulia ya enzi hiyo yanavyozeeka, nenda Brodsworth Hall, Yorkshire. Charles Sabine Augustus Thellusson alilijenga kati ya 1861 na 1863 na kulijaza samani mpya kwa mpigo, mazulia yakiwemo. Utajiri ulitoka kwa babu wa ukoo, Peter Thellusson, mfanyabiashara wa benki wa London aliyefariki mwaka 1797, na sehemu ya biashara zake ilifungamana na watumwa na mashamba ya Karibi. Anayesimama juu ya mazulia yale anastahili kulijua na hilo. English Heritage, taasisi inayotunza majengo ya kale ya Uingereza, ilipolipokea jumba mwaka 1990 iliamua kutolirudisha upya. Kilichochakaa kiliachwa kimechakaa, kikazuiwa kisiendelee kuharibika, na mwaka 1995 milango ikafunguliwa. Naupenda uamuzi ule. Zulia lililolika mbele ya mlango linaeleza nani alipita wapi, tena kwa ukweli kuliko picha za ukutani.

Majumba mengine yamechukua njia ya mikeka ya kinga. Zulia lenyewe hupigwa picha, picha ikachapwa juu ya mkeka mgumu, na mkeka ukalazwa palepale. Mgeni hukanyaga picha ya ua huku ua lenyewe likipumzika chini yake. Mwanga hupimwa, mapazia hushushwa. Chama cha National Trust, kinachotunza majumba ya kale, hujiwekea kipimo cha mwanga ambao kitambaa kinaweza kuvumilia kwa mwaka mzima, na wageni wakilalamika kwamba chumba ni giza hufafanuliwa. Nondo nao huwekewa mitego, maana viwavi vyao hula sufu pale pasipofagiwa, chini ya kabati na nyuma ya pazia.

Shenili ina udhaifu wake wa peke yake. Shungi la fundo likikatika, yanapotea manyoya ya fundo moja. Shenili haina mafundo. Maisha yake yote yako kwenye zile nyuzi nyembamba za kushikia. Zikilika, mkanda huachia, na anayeburuta kiti anaweza kung'oa mstari wa manyoya wenye urefu wa mkono. Fundi wa kuhifadhi nguo hukaa na sindano, akaulaza mkanda upya mahali pake na kuushona chini kidogo kidogo. Anarudia kazi ya yule mwanamke wa kichanio, ila yeye hana mtambo wa kumsaidia.

Hakuna kiwanda tena cha kuagiza zulia jingine la aina hii. Kufuma mara mbili kulihitaji watu wengi mno, na mazulia ya mashine ya bei ya chini yalishinda soko. Kampuni ya Stoddard, iliyokuja kuirithi Templeton, ilianguka mwaka 2005. Bahati ni kwamba michoro na kumbukumbu hazikutupwa. Zilinunuliwa na kugawanywa kati ya taasisi za hapa Glasgow, chuo kikuu, chuo cha sanaa na makumbusho ya jiji, ambako watafiti huzisoma.

Mazulia yenyewe bado yanazunguka madukani. Juzi niliingia kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale, akaniwekea la maua na kunihakikishia ni la mafundo ya mkono, la Kiajemi. Nilimwomba ruhusa nikageuza kona. Zulia la mafundo huonyesha nakshi yake hata kwa nyuma, hafifu lakini kamili, kwa kuwa kila fundo hutokeza. Hili nyuma lilikuwa la rangi ya gunia, juti tupu na kamba nzito, hakuna hata petali. Nikaligeuza tena, nikaachanisha manyoya kwa vidole gumba viwili. Mifereji ilikwenda mmoja mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, na chini kabisa ya kila mfereji uti mweupe wa pamba ulionekana. Karibu na pindo mkanda mmoja ulikuwa umewahi kuachia, na mtu alikuwa ameushona kwa uzi wa kahawia, mishono midogo iliyolingana, kama inchi sita hivi.

Nilimweleza mzee nilichokiona na kwa nini hakipunguzi thamani. Bei ilikuwa juu ya uwezo wangu. Alipoanza kulikunja nilimzuia, kwa kuwa mkunjo huvunja nyuzi za kushikia. Zulia kama lile huviringishwa kwenye bomba nene, manyoya yakiwa upande wa nje. Alikuwa na bomba la karatasi ngumu nyuma ya duka. Tukaliviringisha pamoja, yeye upande wake na mimi wangu, na kwenye karatasi ya bei akafuta neno Kiajemi, akaandika: shenili, Glasgow.